Barua ya Wazi kwa Msemaji Wetu: Pongezi kwa Kazi ya Kutoeleweka

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Habari na Mawasiliano kwa Umma,
Wizara, Halmashauri au Shirika lolote lenye nembo na kipaza sauti.

Kumb. Na.: itatolewa mchakato utakapokamilika.

YAH: PONGEZI KWA KAZI YA KUSEMA BILA KUELEWEKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu, wapo wanaokusingizia kwamba hujui Kiswahili. Wanayasema hayo vijiweni, wanayaandika magazetini, na kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wanayarudia kwenye makongamano wakiwa wamevaa fulana zenye kaulimbiu. Nimeona nikutetee. Asiyejua lugha hukosea ovyo: leo kosa linamtia hasara, kesho linampa faida, kesho kutwa halimpi chochote. Makosa yako wewe yana mwelekeo. Bei ya kitu ikishuka, taarifa yako husema "imeshuka", na jina la aliyeishusha hukaa aya ya kwanza. Ikipanda, basi "imefanyiwa marekebisho", na mrekebishaji utamtafuta hadi kwenye muhuri usimpate. Barabara ikijengwa, imejengwa chini ya uongozi mahiri wa fulani bin fulani, ikibomoka, imebomoka. Utaratibu wa namna hii hauji kwa bahati. Ni ujuzi, na mjuzi asiposifiwa huvunjika moyo.

Tuliokosea ni sisi wakosoaji wako. Tumekesha tukihesabu "masaa" na "madawa" yako, tukikumbushana kwamba wingi wa saa ni saa na wingi wa dawa ni dawa, tukigombana kama "kupelekea" kunafaa pale ambapo "kusababisha" kungetosha. Ni mijadala mizuri na inapoteza jioni vizuri. Lakini tumpime mwananchi anayesema, "Nimekaa masaa matatu hospitali, nikaambiwa madawa hakuna." Amekosea wingi mara mbili katika sentensi moja, na hakuna mtu kuanzia Kigoma hadi Tanga ambaye hakumwelewa. Sasa tusome taarifa yako kuhusu hospitali hiyohiyo: "Kumekuwepo na changamoto katika upatikanaji wa dawa na katika muda wa utoaji huduma, na suala hilo linafanyiwa kazi." Hapo dawa imebaki dawa, upatanisho wa sarufi umekaa sawa, mwalimu yeyote atatia alama ya vema. Na msomaji hajajua kama dawa zipo, hazipo, au zipo kwenye ghala ambalo ufunguo wake uko na mtu aliye safarini. Ndiyo maana nasema rungu letu halijawahi kukupata. Tunapiga wingi wa nomino, wewe umejificha kwenye kitenzi.

Hoja yangu ni moja, na naomba uivumilie ingawa nitaizungusha kidogo. Lugha husimama juu ya tofauti. Sauti moja ikitofautiana na nyingine, tunapata maneno mawili. Maneno mawili yakitofautiana, tunapata mambo mawili, na hapo mtu anaweza kuuliza ni lipi kati ya hayo. Anayefuta tofauti hufuta pia swali ambalo lingeulizwa. Wasemaji wetu hufanya hivyo kwa njia mbili, kwa ulimi na kwa uteuzi wa maneno, na watu wamezoea kuziona kama kasoro mbili zisizohusiana: ya kwanza huchekwa, ya pili huitwa lugha ya kiofisi. Mimi naziona kama kazi moja yenye zamu mbili.

Tuanze na ulimi, kwa kuwa una mambo machache. Msomaji wa taarifa anatutangazia kwamba wananchi wamejitokeza kwa wingi kupiga kula. Anatufahamisha kuwa shule imepata thamani mpya, kumbe ni madawati na meza, yaani samani. Anasema kuhusu mahari ambapo ajali imetokea, na wasikilizaji wanajiuliza ni ng'ombe wangapi waliogongwa. Anatutakia "maazimisho" mema, nasi tunabaki tukitafakari nani ameazimwa nini. Mara nyingi muktadha humwokoa, na hilo ndilo jibu ambalo watetezi wake hulitoa upesi: mbona umeelewa? Kweli, nimeelewa, kwa kumfanyia yeye kazi aliyolipwa kuifanya. Isitoshe, muktadha hukimbia pale hasa unapohitajika. Ukisikia kwamba wakulima wa wilaya wamegawiwa "dhana za kilimo cha kisasa", utasema mtangazaji amekazana kutamka dh mahali isipotakiwa, alikusudia zana, majembe na matrekta. Lakini kwa jinsi semina zetu zinavyokwenda, huenda ulimi wake umesema kweli kuliko karatasi aliyokuwa akiisoma. Wakulima wamepewa dhana. Trekta liko njiani.

Najua pingamizi linalonijia hapa, nalo ni zito. Nitaambiwa kwamba hizi r na l, dh na z, ni alama za kwao mtu, na kumcheka mtu kwa ulimi wa mama yake ni ubaguzi uliovaa koti la usanifu. Kigikuyu kina r, hakina l. Kisukuma kina l, hakina r. Wazaliwa wa lugha hizo hawakuomba. Tena Kiswahili sanifu chenyewe hakikushuka na mvua: mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na hivyo Mmvita wa Mombasa mwenyewe, anayesema "ndoo" akimaanisha njoo na "mato" akimaanisha macho, akaamka siku moja akiwa mtu wa lahaja katika mji ulimofanyika uamuzi. Nakubali yote hayo. Ndiyo sababu sina neno na mkulima wa Magu wala na mama muuza mboga wa Murang'a. Lafudhi ni mwendo wa mtu, na mwendo hausahihishwi barabarani. Ninayemzungumzia ni mtu ambaye kazi yake, mshahara wake na kitambulisho chake vinasema kwamba atasomea watu wengine. Huyo hadaiwi azaliwe Unguja, wala ghaini yake haitakiwi ichimbe kooni kama ya msomaji wa Kurani. Anadaiwa kura isiwe kula. Wapo Wasukuma na Wagikuyu chungu nzima wanaoitamka tofauti hiyo bila jasho, kwa kuwa walifundishwa na wakajifunza, kwa hiyo kusema haiwezekani ni kuwatukana wao.

Nimesema ulimi una mambo machache. Mambo mengi yako kwenye kitenzi, na hapo, Ndugu, ndipo ninapokuvulia kofia. Kitenzi cha Kiswahili kina tabia mbaya kwa mtu wa kazi yako: kinataka kumtaja mtendaji kabla ya tendo. Huwezi kusema umekula bila kubandika u- au ni- au wa- mwanzoni. Kiambishi kinashuhudia hata ukimficha mtu. "Wamechukua." Nani? Wa-. Wapo, ni wengi, ni watu. Lugha kama hii ingekutia njaa, lakini wewe ukagundua ngazi ya kushukia. "Mhasibu ameiba fedha" ni ngazi ya juu, yenye upepo mkali. Shuka kidogo: "Fedha zimeibwa na mhasibu." Shuka tena: "Fedha zimeibwa." Hapa mwizi ametoka nje, lakini wizi bado umo chumbani. Shuka: "Fedha zimepotea." Sasa hata wizi umeondoka, fedha zimejiendea zenyewe. Na chini kabisa, pale penye kivuli na kiti cha kukunja: "Imebainika kuwepo kwa mapungufu katika usimamizi wa fedha." Kauli ya kutendeka, ambayo mtoto huitumia anaposimama juu ya vipande na kusema sahani imevunjika, wewe umeipandisha cheo ukaipa ofisi na gari. Fedha zilitumika. Makosa yalifanyika. Taratibu zilivurugika. Katika sarufi hii hakuna mtu anayefanya jambo. Mambo hujifanya, kisha kamati huundwa kuyashangaa.

Majina nayo umeyapanga vizuri. "Changamoto" nalitamani kama mtunzi wa mafumbo. Linasikika kama ndugu wa kuchangamka, na mtu angetarajia litumike kwa kitu kinachompa mtu ari. Leo njaa ni changamoto, mgawo wa umeme ni changamoto, daraja lililosombwa ni changamoto, na afisa aliyeghushi vyeti alikuwa na changamoto ya vyeti. Neno tatizo lina mwenyewe: tatizo hili ni la nani, nani amelisababisha, atalitatua lini? Changamoto haina mwenyewe, inakuja tu kama msimu, na tena inakudai uifurahie. Kuhusu "mchakato" sina la kuongeza isipokuwa kwamba ndicho kiumbe pekee nchini kinachoendelea bila kufika. Kigogo aliyeharibu "uteuzi wake umetenguliwa na atapangiwa kazi nyingine", sentensi ambayo naiona kama kilele cha fani. Maneno saba, na hakuna hata moja linalosema alifanya nini, kama amelaumiwa au amesifiwa, kama amefukuzwa au anapumzishwa kwanza. Na kuna lile la kutisha, ambalo sitalifanyia mzaha mrefu: "watu wasiojulikana", linalotajwa mtu akitekwa au akishambuliwa, lililoenea mwaka 2017 hadi likawa kama jina la kampuni. Siku msemo huo ulipokaa vinywani, ulifanya kazi ambayo polisi hawakuifanya, ukafunga jalada. Mtu asiyejulikana hutafutwa. Mtu anayeitwa Asiyejulikana amekwisha kupatiwa jina, kuna haja gani ya kumtafuta?

Sasa tuone kinachompata mtu anayechagua neno lenye makali. Mwishoni mwa 2018, Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kuhusu ripoti zake kutofanyiwa kazi, akasema kwamba hilo ni udhaifu wa Bunge. Neno hilo halikutolewa kwenye debe la matusi. Ripoti za ukaguzi zimejaa udhaifu: udhaifu wa mifumo ya ndani, udhaifu wa manunuzi, udhaifu wa utunzaji kumbukumbu, na mwenyewe alijitetea hivyohivyo, kwamba ni neno la kawaida la kazi yake. Spika akamwita, Januari 2019 akafika mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na mwezi wa Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Yote hayo kwa nomino moja. Hakuna aliyesema hesabu zake si sahihi. Lililopingwa ni neno. Angesema Bunge lina changamoto, angekaribishwa chai. Na huenda hata angeutamka udhaifu kama watangazaji wetu wengi wanavyoutamka, "uzaifu", angeponea hapohapo, kwa sababu kamusi haina kitu kama hicho, na huwezi kumshitaki mtu kwa neno ambalo halipo. Unaona basi kwa nini nasema zamu mbili, kazi moja.

Pingamizi la pili ni la staha. Utaniambia kwamba Mswahili hasemi kila kitu mchana kweupe; kwamba lugha yetu ina tafsida tangu enzi, na msemaji wa serikali anaendeleza adabu ya wazee. Mama amejifungua, hatusemi amezaa. Mzee ametutoka, hatusemi amekufa. Mtu anakwenda haja, na haja gani hatuulizi. Ni kweli, na lugha isiyo na tafsida ingekuwa makazi mabaya. Lakini tazama tafsida inamhifadhi nani. "Ametutoka" inamhifadhi mfiwa anayesikiliza. "Amejifungua" inamhifadhi mzazi anayetajwa. Msemaji hapati kitu; ametoa. Wewe ukisema "wananchi waliopisha mradi" kwa watu ambao nyumba zao zilibomolewa alfajiri, aliyestiriwa si mwenye nyumba. Yeye anajua kilichotokea, alikuwepo na godoro kichwani. Aliyestiriwa ni tingatinga. Hiyo staha imegeuzwa njia, sasa inatoka kwa mwenye maumivu kwenda kwa aliyeyasababisha, na wazee unaowataja hawakuiacha hivyo.

La tatu ndilo lenye nguvu zaidi, nalo hulisemi hadharani bali ukiwa peke yako: kwamba hukutunga wewe maneno hayo, umepewa; na kwamba ukimtaja mtu kuwa mwizi kabla ya mahakama, utashitakiwa wewe. Nusu ya pili ina jibu rahisi. Tahadhari ya kisheria haihitaji ukungu, inahitaji neno kali zaidi, na neno hilo lipo. Mtuhumiwa si mwizi. Tuhuma si hatia. Kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi si kufukuzwa. Kila moja linasema kiasi fulani na linakataa kusema zaidi, tena linamlinda mtu kwa kuwa lina mipaka. Wakaguzi wa hesabu wametuonyesha njia: hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, hati mbaya. Ngazi nne, na mkurugenzi anayepata ya mwisho hawezi kwenda nyumbani akasema ana changamoto ya hati. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa, lakini inatuweka mahali pa hatari pia, maana lugha ambayo kwa nusu karne imefundishwa ofisini kutomtaja mtu, sasa inatakiwa iandike nani alaumiwe, nani alipe, na nani afungwe.

Ama nusu ya kwanza, ya kuwa umepewa maneno, naikubali kwa huzuni, na ndiyo sababu nakala ya barua hii inakwenda kwa bosi wako. Ila usiniambie kuwa kiti chenyewe ndicho kinachoharibu lugha. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni. Alikaa miaka mingi katikati ya fomu, mihuri na mabwana wakubwa, na Kiswahili chake hakikushika kutu. Mwalimu Nyerere alikuwa na serikali nzima ya kumwandikia maneno laini, lakini alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu wafanyabiashara wa Venice aliiita Mabepari wa Venisi, chaguo ambalo unaweza kulipinga, na unaweza kulipinga kwa sababu linasema kitu. Azimio la Arusha liliita unyonyaji unyonyaji, neno ambalo mtu hahitaji warsha ya siku mbili kulielewa. Sitaki kukupamba zama hizo. Zilikuwa na ukungu wake. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa mamilioni, wengine kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto, na kwenye karatasi jambo hilo lilikuwa "Operesheni Vijiji". Unaona hata mkono uleule uliochagua neno kali kwa bepari ulichagua neno laini kwa kile ilichokifanya serikali yenyewe. Kila mwenye mamlaka hupenda nomino zenye makali kwa wengine, na kauli ya kutendeka kwa nafsi yake.

Kwa hiyo sikuombi uache kazi yako, una familia. Naomba mambo madogo. Katika kila taarifa, weka kitenzi kimoja chenye mtu mbele yake. Kimoja tu, tuanzie hapo. Ukiandika "hivi karibuni", weka tarehe pembeni yake, hata ya uongo, ili siku ipite tukuulize. Bei ikipanda, sema imepanda. Wanunuzi watakuwa wameshaona. Neno "changamoto" lipewe likizo ya mwaka mmoja yenye malipo, na katika kipindi hicho matatizo yarudishiwe jina lao na wenyewe wao. Na kabla hujamkabidhi msomaji karatasi, mwombe aseme kwa sauti: kura, kula, dhana, zana. Akishindwa, mpe wiki moja ya mazoezi. Ajira yake usiiguse. Wapo waliofanya makubwa kuliko kupoteza r, na wamepangiwa kazi nyingine.

Natarajia majibu. Endapo barua hii haitajibiwa, tafadhali usiniandikie kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi. Niandikie: "Sitakujibu." Ni neno moja lenye si- mwanzoni, kwa hiyo nitajua ni wewe.

Nawasilisha.

Mlipa kodi, ambaye pia hulipa tozo.

Nakala: Bosi wako.
Nakala: Msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Herufi r zote zilizomo humu zimewekwa kwa makusudi.